Mwanagenzi na Ukurasa: Historia ya Kujifunza Kuunda Tovuti katika Migori na Homa Bay

Utangulizi

Historia ya kompyuta katika Kenya aghalabu huelezwa kana kwamba ni historia ya Nairobi peke yake. Hutajwa majumba, makampuni na wavumbuzi wa mji mkuu, kisha sehemu nyingine za nchi hutajwa mwishoni kama wapokeaji tu wa mambo yaliyokwisha kuamuliwa kwingine. Mtazamo huo una kasoro mbili. Kwanza, unafanya ionekane kwamba stadi huenea zenyewe, kama maji yateremkayo mlimani, ilhali ukweli ni kwamba kila stadi huchukuliwa na watu, hulipiwa gharama, na hufunguliwa au hufungiwa mlango na taratibu za uchumi na siasa. Pili, unasahau kwamba stadi mpya ifikapo mahali huzikuta stadi nyingine zilizotangulia, na ni kwa njia ya hizo za kale ambapo wenyeji huipima na kuipokea.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi stadi ya kuunda kurasa za tovuti ilivyofika na inavyofundishwa katika kaunti mbili za kusini mwa Nyanza, yaani Migori na Homa Bay. Hapo zamani sehemu hizi zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, ambayo iligawanywa katika miaka ya 1990; mwaka 2013 zikaanza kuendeshwa kama kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010. Kwa mujibu wa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori 1,116,436. Wengi wao husema Kijaluo. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na sehemu za bara zilizo jirani kuna Wasuba, ambao lugha yao imemezwa sana na Kijaluo. Na upande wa mpaka wa Tanzania kuna Wakuria. Juu ya lugha hizo zipo Kiswahili na Kiingereza, ambazo Katiba inazitambua kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikiwa pia lugha ya taifa.

Swali kuu linaloulizwa hapa ni hili: je, mwanagenzi wa sehemu hizi anajifunza ili awe mwandishi wa kurasa zake mwenyewe, au anaandaliwa awe msomaji na kibarua wa kurasa za watu wengine? Na katika kurasa hizo, lugha zake zina mahali gani?

Mtambo wa Gendia

Yafaa kuanza na karatasi. Mnamo Novemba 1906 mmisionari wa Kiadventista kutoka Kanada, Arthur Asa Grandville Carscallen, akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alifika katika kilima cha Gendia, juu ya Ghuba ya Kendu. Carscallen alijifunza Kijaluo, akakitungia sarufi, na mwaka 1913 mtambo mdogo wa kupigia chapa ukaanzishwa Gendia. Katika miaka hiyo hiyo misheni ilijenga kituo cha elimu Kamagambo, karibu na Rongo, sehemu ambayo leo imo katika kaunti ya Migori. Kazi ya uchapaji iliyoanza Gendia haikukoma. Inaendelea mpaka leo chini ya jina la Africa Herald Publishing House.

Jambo hili lina maana kubwa kuliko tukio la kidini. Kuwapo kwa mtambo kulimaanisha kwamba sauti za lugha iliyokuwa ikisemwa tu zilipaswa kupewa herufi, maneno yatenganishwe au yaunganishwe, na tahajia ikubaliwe. Maamuzi ya namna hiyo, hata yanapofanywa na watu wachache, hubaki kuwatawala wasomaji wa vizazi vingi. Aidha, uchapaji ulikuwa stadi ya mikono. Mpanga herufi wa zamani alilazimika kuzipanga herufi za risasi moja moja, zikiwa zimegeuzwa kinyume, na kosa la herufi moja halikuonekana mpaka karatasi ya kwanza itoke. Stadi hiyo haikujifunzwa kwa kusikiliza tu, bali kwa kukaa ubavuni mwa fundi na kuutazama mkono wake.

Lakini uchapaji ulikuwa na mpaka wake. Mtambo ni mali, karatasi ni mali, na wino ni mali. Mwenye mtambo ndiye aliyeamua kitu gani kitapigwa chapa na kwa lugha gani. Wananchi wa Nyanza Kusini walijifunza kusoma kwa wingi kabla ya kupata njia yoyote ya kuchapisha walichokiandika wao wenyewe. Pengo hilo kati ya kusoma na kuchapisha ndilo linalotakiwa kukumbukwa tunapofika kwenye habari za wavuti.

Kuja kwa wavuti

Mwezi wa Machi 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, aliandika pendekezo la namna ya kuunganisha nyaraka zilizomo katika kompyuta mbalimbali. Ukurasa wa kwanza ulionekana mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba utaratibu huo ungekuwa huru kwa watu wote, bila malipo wala ruhusa. Uamuzi huu ndio unaotofautisha wavuti na mtambo wa Gendia: mtu yeyote mwenye kompyuta alipewa haki ya kuwa mchapaji.

Haki, hata hivyo, si uwezo. Katika Kenya huduma za intaneti zilianza mwaka 1995, na miongoni mwa walioziasisi alikuwamo Dakta Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta na mwanzilishi wa taasisi iliyoitwa African Regional Centre for Computing. Yeye pia ndiye aliyekuwa msimamizi wa kikoa cha .ke, yaani ile alama inayozitambulisha anwani za tovuti za Kenya, ambayo ilisajiliwa mwaka 1993. Kati ya mwaka 1997 na 2002 Ochuodho alikuwa Mbunge wa Rangwe, katika Homa Bay. Kwa hiyo yapo mafungamano ya dhahiri kati ya sehemu hii na mwanzo wa intaneti nchini, ingawa vitabu vingi havina desturi ya kuyataja. Usimamizi wa .ke ulihamishiwa taasisi ya KENIC kuanzia mwaka 2002.

Mafungamano hayo hayakuwa na maana kwamba mkulima wa Rangwe au mvuvi wa Mbita aliweza kuuona ukurasa wa tovuti. Njia ya kwenda ng'ambo ilipita kwenye setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Kwa muda wa miaka kadhaa Telkom Kenya, iliyoundwa mwaka 1999 baada ya Shirika la Posta na Simu kugawanywa, ilikuwa na haki ya pekee ya kuendesha mawasiliano hayo ya kimataifa. Hali ilianza kubadilika mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipowasili Mombasa kwa kupita chini ya Bahari ya Hindi, na Serikali ilipokuwa ikitandaza mkongo wa taifa kuelekea mikoani. Umeme nao ulikuwa kikwazo, na upelekaji wake vijijini ulitiliwa mkazo zaidi baada ya kuundwa kwa mamlaka maalumu ya umeme wa vijijini mwaka 2007.

Vibanda vya saiba na kituo cha Mfangano

Kabla simu za mkononi hazijawa njia kuu ya kuingilia intaneti, wananchi wengi wa miji midogo waliifahamu katika vibanda vinavyoitwa saiba. Humo mtu alilipa kwa dakika. Saiba zilikuwa shule isiyokuwa na mwalimu wala mtaala: kijana aliyeajiriwa kuwasha na kuzima kompyuta ndiye aliyewaonyesha wengine namna ya kushika kipanya, kufungua barua na kupiga chapa. Serikali ilipohamishia huduma nyingi kwenye tovuti ya eCitizen na kodi kwenye mfumo wa iTax katika mwongo wa 2010, kijana huyo alipata kazi mpya. Watu wazima walimjia ili awajazie fomu, kama vile hapo zamani mwandishi wa barua alivyojiwa nje ya posta na wale wasiojua kuandika. Kwa hiyo ujuzi wa kurasa uliingia katika jamii ukiwa na sura ya uandishi wa niaba: mmoja anajua, wengi wanategemea.

Mfano wa pekee ulitokea katika kisiwa cha Mfangano. Huko shirika liitwalo Organic Health Response lilijenga pamoja na wenyeji kituo cha Ekialo Kiona, maneno ya Kisuba yenye maana ya ulimwengu mzima. Sehemu hiyo imeteswa mno na ukimwi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa Homa Bay ilikuwa na kiwango cha juu kuliko kaunti zote nchini, karibu mtu mzima mmoja kati ya watano akiishi na virusi. Kituo kiliweka sharti kwamba mwanachama angetumia kompyuta na intaneti bila malipo iwapo angekubali kupimwa virusi kila baada ya miezi sita. Matokeo ya kipimo hayakuwa kigezo, bali tendo la kupimwa tu. Hali kadhalika, kituo kilianzisha redio iliyotangaza kwa Kisuba.

Utaratibu huo waweza kujadiliwa kwa pande mbili. Yupo atakayesema kwamba maarifa yasiwekewe sharti la mwili wa mtu. Yupo mwingine atakayejibu kwamba katika kisiwa ambako watu waliogopa kuonekana wakiingia chumba cha vipimo, kompyuta iliwapa sababu ya kuingia bila ya aibu. Vyovyote iwavyo, mfano huu unathibitisha jambo moja la kihistoria: intaneti haikuja Mfangano kama anasa ya wenye nacho. Ilifungwa tangu mwanzo na suala la uhai, na pia na suala la lugha inayopotea.

Masomo ya mwanagenzi

Ni vema sasa kueleza anachojifunza mwanagenzi. Ukurasa wa tovuti hutengenezwa kwa lugha tatu. Ya kwanza ni HTML, ambayo huonyesha kila sehemu ya maandishi ni kitu gani: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwendea ukurasa mwingine. Ya pili ni CSS, iliyotolewa rasmi Desemba 1996, ambayo huamua sura: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya sehemu na sehemu. Ya tatu ni JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa muda wa siku kumi tu, ambayo huupa ukurasa uwezo wa kutenda: kukagua fomu, kufanya hesabu, kumjibu anayebonyeza.

Wakazi wa Migori wanao mfano ulio karibu. Ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ilijengwa yapata karne tano zilizopita, bila udongo wala saruji ya kuyashikiza mawe. Kuta zake zina safu ya nje, safu ya ndani, na katikati vijiwe vidogo vinavyozifunga safu hizo mbili pamoja. Mawe hayakuchongwa yafanane. Fundi alilitafutia kila jiwe mahali linapokaa. Ndivyo ulivyo ukurasa. Hakuna gundi inayouzuia usianguke isipokuwa mpangilio wenyewe, na alama nyingi zinazofunguliwa hutakiwa kufungwa mahali pake. Mwanagenzi akisahau kufunga alama moja, sehemu yote inayofuata yaweza kupotoka, naye hujifunza kutafuta kosa kwa kurudi nyuma jiwe kwa jiwe.

Jambo jingine ambalo halifahamiki na wengi ni kwamba somo la kwanza halihitaji intaneti. Programu ya kuandikia maandishi matupu na kivinjari hutosha. Ukurasa huandikwa, huhifadhiwa katika kompyuta, na hufunguliwa papo hapo. Kwa mwalimu wa shule yenye kompyuta chache na mtandao unaokatika, hili ni jambo la faida kubwa. Intaneti huhitajika baadaye, ukurasa unapopelekwa kwenye seva ili ulimwengu uuone.

Zaidi ya hayo, wavuti ina desturi inayolingana sana na mafunzo ya kifundi ya kale. Vivinjari vya kompyuta humruhusu msomaji kutazama msimbo wa ukurasa wowote aliofungua. Vijana wa kizazi cha kwanza cha wavuti duniani walijifunza hivyo hivyo: walichungulia kazi ya mwingine, wakanakili kipande, wakakibadilisha, wakaona kilichotokea. Baadaye zikaja shule za mtandaoni zisizotoza ada, kama W3Schools mwaka 1998 na freeCodeCamp mwaka 2014. Lakini simu za mkononi, ambazo ndizo njia ya intaneti kwa Wakenya walio wengi, hazimrahisishii mtu kuutazama msimbo. Chombo kilichowafikishia watu wengi wavuti kimewafungia nusu ya mlango: kusoma ni kwepesi, kuchungulia ufundi ni kugumu. Pengo lile la enzi za Gendia limerudi kwa sura nyingine.

Vyuo na mipango

Katika mwongo wa 2010 elimu ya juu ilisogea karibu. Chuo cha Rongo kilianzishwa mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Mwaka huo huo wa 2016 ilianzishwa katika mji wa Homa Bay taasisi yenye jina la Tom Mboya chini ya Chuo Kikuu cha Maseno, ambayo baadaye nayo ikawa chuo kikuu. Jina hilo lina uzito wake. Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, ndiye aliyeandaa safari za ndege za mwaka 1959 zilizowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani, kwa kuwa nafasi za elimu ya juu nchini zilikuwa haba. Miaka 60 hivi baadaye, mwanafunzi wa mji huo anaweza kulisoma somo lile lile linalosomwa Boston bila ya kupanda ndege, ilmradi apate kifaa, umeme, na fedha za kununulia data.

Upande wa Serikali, mwaka 2016 ulianza mpango wa kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na pia mpango wa Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kutafuta kazi kwenye intaneti. Vituo vya kompyuta vilianza kufunguliwa katika majimbo ya uchaguzi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari, ulioandaliwa na kampuni ya Kodris Africa.

Mipango hii ni hatua za maana, wala haifai kubezwa. Hata hivyo mhakiki wa historia hawezi kuacha kuuliza inamwandaa mtu kwa kazi gani. Kishikwambi kilichojazwa masomo tayari humfanya mtoto awe msomaji. Kazi nyingi za mtandaoni zinazopatikana kwa urahisi, kama vile kunakili sauti kwa maandishi au kuweka alama kwenye picha, humfanya kijana awe kibarua wa vipande vidogo vya kazi ambayo mwisho wake hauoni. Kujifunza kuunda ukurasa ni tofauti, kwa sababu humpa mtu chombo kizima. Lakini hata stadi hii yaweza kugeuka kuwa kibarua tu iwapo anayejifunza hafikirii kamwe kwamba jamii yake mwenyewe ina kitu cha kuandikwa.

Suala la lugha

Hapa ndipo wataalamu wa lugha za Kiafrika wanapohusika moja kwa moja. Maneno ya HTML ni vifupisho vya Kiingereza. Mwanagenzi hufundishwa kwamba ukurasa una sehemu mbili, na majina yake ya Kiingereza huyakariri kama sauti tupu. Kumbe maana yake ni kichwa na mwili, maneno ambayo mtoto yeyote anayajua. Herufi p inasimamia aya. Herufi a, inayotumika kuundia kiungo, imetokana na neno lenye maana ya nanga. Kwa mtoto wa Mbita au wa Muhuru, nanga si kitu cha kuelezewa kwa muda mrefu: ni kile kinachoufunga mtumbwi mahali, ili mtu aweze kurudi na kuukuta. Mwalimu anayeifasiri maana hiyo kwa Kiswahili au kwa Kijaluo hapunguzi ubora wa somo. Anampa mwanafunzi sababu ya kukumbuka.

Istilahi zenyewe zipo, ijapokuwa bado zina mabishano. Neno kompyuta limeenea kuliko tarakilishi na ngamizi. Tovuti na wavuti hutumiwa na baadhi ya waandishi kwa kutofautisha, na wengine kwa kubadilishana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na hivyo ukathibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana kufanywa na Waafrika wenyewe. Kinachokosekana si maneno, bali vitabu vya mwanzo vinavyoyatumia maneno hayo darasani.

Lipo jambo dogo zaidi, nalo lina historia yake. Mwanzoni mwa ukurasa, mwandishi hutakiwa kutaja lugha ya maandishi yake kwa neno lang na alama ya herufi chache. Utaratibu huo uliingizwa katika toleo la HTML la mwaka 1997. Alama ya Kiswahili, sw, ilikuwapo tangu mwanzo, kwa kuwa kanuni za mwaka 1995 zilizitambua alama za kimataifa za herufi mbili. Kijaluo hakikuwa na alama ya herufi mbili. Alama yake, luo, ni ya herufi tatu, na kanuni ziliruhusu alama za namna hiyo mwaka 2001. Kisuba na Kikuria vilisubiri zaidi. Alama zao, sxb na kuj, zimo katika orodha iliyotolewa mwaka 2007 na kuingizwa katika kanuni za intaneti Septemba 2009. Yaani katika mwaka ule ule nyaya za baharini zilipofika Mombasa, ndipo Msuba alipoweza kwa mara ya kwanza kuutangazia ulimwengu, kwa kufuata orodha hiyo, kwamba ukurasa wake ni wa Kisuba.

Alama hizo si pambo. Programu zinazowasomea vipofu kwa sauti huzitumia kuchagua matamshi. Vivinjari huzitumia kuamua namna ya kukata maneno mwishoni mwa mstari au kumuuliza msomaji kama anataka tafsiri. Nao watafiti wanaokusanya matini za lugha ndogo waweza kuzitumia kama ishara. Lakini vielelezo vingi ambavyo mwanagenzi huvinakili vimekwisha kuandikwa en, yaani Kiingereza, na asipoambiwa, huiacha alama hiyo kama alivyoikuta. Matokeo yake ni kwamba ukurasa wa Kijaluo hujitambulisha kuwa wa Kiingereza, na kipofu wa Rachuonyo husomewa lugha yake mwenyewe kwa matamshi ya kigeni yasiyoeleweka. Wamisionari wa Gendia waliweka tahajia pasipo kuwauliza wenyeji wote. Safari hii uamuzi uko mikononi mwa mwenyeji, naye huupoteza kwa kutojua.

Yaweza kupingwa kwamba Kiingereza ndicho chenye ajira, na kwamba hakuna kijana atakayeshiba kwa ukurasa wa Kisuba. Pingamizi hilo lina ukweli, na si haki kumtaka kijana maskini abebe peke yake mzigo wa kuokoa lugha. Lakini halikamiliki. Tangu mwaka 2013 serikali za kaunti zina wajibu wa kuwapasha wananchi habari za bajeti, afya na kilimo. Vikundi vya usimamizi wa fukwe vinahitaji kutangaza bei na kanuni za uvuvi. Zahanati zinahitaji kueleza ratiba za chanjo. Kazi hizi zinaweza kulipwa, zipo hapo hapo nyumbani, na hazifanyiki vema kwa Kiingereza pekee. Isitoshe, Katiba katika kifungu cha 7 inaitaka Dola ikuze lugha za wenyeji. Fundi anayejua kuandika ukurasa kwa lugha tatu ana soko ambalo mgeni hawezi kumnyang'anya kwa urahisi.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba Migori na Homa Bay hazikuanza na utupu. Zilikuwa na mtambo wa chapa tangu mwaka 1913, zikamtoa mmoja wa waasisi wa intaneti nchini, na zikawa na kituo cha kisiwani kilichounganisha kompyuta, afya na lugha ndogo. Kilichorudiarudia katika vipindi vyote ni pengo kati ya wanaosoma na wanaochapisha. Katika enzi za karatasi pengo hilo lililetwa na bei ya mtambo. Katika enzi za setilaiti lililetwa na bei ya njia. Leo gharama ya data na ya kifaa bado ipo, lakini sehemu kubwa ya pengo imo katika mafundisho yenyewe.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo idara za lugha katika vyuo vikuu vya sehemu hizi zaweza kuyafanya bila kungoja fedha nyingi. La kwanza ni kuandika kitabu cha mwanzo cha kuunda tovuti kwa Kiswahili fasaha, chenye istilahi zilizokubaliwa na mifano ya ziwani na mashambani. La pili ni kuhakikisha kwamba kila mwanagenzi anafundishwa, katika somo la kwanza, kutaja lugha ya ukurasa wake kwa alama iliyo sahihi. La tatu ni kumpa kila mwanafunzi anayemaliza somo kazi ya kuandika walau ukurasa mmoja wa elimu ya nyumbani kwao: majina ya samaki kwa Kisuba, methali za Kikuria, au historia ya soko la kijijini kwa Kijaluo.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Kurasa hizo za kwanza zitakuwa na makosa, rangi zake hazitapendeza, na baadhi ya viungo vyake havitafika popote. Zitakuwa hata hivyo zimeandikwa na watu wa sehemu hizi, kwa lugha zao, na wajukuu watakaotaka kuzisahihisha watakuwa na kitu cha kusahihisha.